Nimetolewa ovari, hamu ya tendo la ndoa imekwisha. Je, nipake testosteroni?

Mama Tumaini:

Habari zenu wapendwa. Nimekuwa nikisoma humu muda mrefu bila kuandika neno. Leo nimejikaza.

Nina miaka 52. Nilipokuwa na miaka 48 nilifanyiwa upasuaji kwa sababu ya faibroidi zilizokuwa zinanimaliza damu. Walitoa kizazi, na ovari zote mbili, yaani mifuko ya mayai, wakazitoa siku hiyohiyo kwa kuwa moja ilikuwa na uvimbe. Niliingia chumba cha upasuaji nikiwa bado naona siku zangu, nikatoka nikiwa nimekoma hedhi. Ile miaka ya kuzoea taratibu ambayo wenzangu wanaisimulia mimi sikuipata. Haikupita wiki ya pili, joto likaanza kunipanda kutoka kifuani mpaka usoni, usiku nabadilisha gauni mara mbili. Nikaandikiwa vidonge vya estrojeni, ile homoni ya kike, na mpaka leo nameza kimoja kila asubuhi pamoja na kidonge cha presha. Joto liliisha, usingizi ukarudi. Kwa hilo nashukuru.

Kilichonileta ni kingine. Hamu ya tendo la ndoa sina kabisa. Ingekuwa imepungua ningesema imepungua. Hii imehama na vyombo vyake. Na si kwamba simpendi mume wangu. Ni mtu mwema, tumeoana miaka 26, na nikisikia anafungua geti moyo wangu bado unachangamka. Ila tukifika kitandani mwili unakuwa kama wa mtu mwingine.

Acheni niwaeleze ninavyoishi. Saa nne usiku yeye akiaga kwenda kulala, mimi ndipo nakumbuka nguo za kukunja. Nakunja, nakunjua, nakunja upya. Nasikiliza pumzi yake mpaka iwe nzito, ndipo naenda chumbani bila kuwasha taa. Kitasa cha mlango wetu hulia, kwa hiyo nakishusha kidogokidogo kwa mikono miwili. Miaka minne naingia chumbani kwangu kwa kunyata. Yeye halalamiki, na huko kunyamaza kwake ndiko kunakoniumiza. Mwezi uliopita aliniuliza swali moja tu: "Nimekukosea nini?" Nilishindwa kumjibu. Nikaenda kulia bafuni huku nimefungua maji.

Sasa mwenzangu kazini kanipa pakiti tatu za jeli ya testosteroni, ile homoni ya kiume, anayotumia mume wake. Kila moja imeandikwa miligramu 50. Anasema nipake moja kila asubuhi begani kama mumewe anavyofanya, na kabla ya mwezi kuisha nitakuwa msichana. Ziko kwenye droo chini ya mitandio, sijazifungua. Daktari wangu nilipomgusia habari hii alisema, "Kwa umri wako ni kawaida, mama," akamwita mgonjwa aliyefuata.

Je, ni kweli testosteroni inasaidia? Nipake? Nitaota ndevu? Naomba walioipitia wanijibu.

Bi Zuhura:

Pole mwenzangu. Mimi nina miaka 58, hedhi ilikoma yenyewe nikiwa na 50. Hamu yangu nayo ilishuka, ila mimi na mzee wangu tuliongea tukaona tumeridhika tulivyo. Tunalala tumeshikana mikono, tunapiga stori mpaka mmoja asinzie. Kuna aliyenishauri nitafute homoni nikamuuliza, nitibu nini? Hainisumbui mimi wala yeye. Lakini wewe unaumia, unajificha ndani ya nyumba yako mwenyewe. Hilo usikubali kuambiwa ni kawaida. Na hizo pakiti usizifungue.

Nesi Mstaafu:

Mdogo wangu Mama Tumaini, ahsante kwa kueleza kinagaubaga namna hiyo. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 31, na 14 ya mwisho nilikuwa kliniki ya akina mama waliokoma hedhi. Nitaandika kirefu kwa sababu ulichouliza kina mambo mengi.

Nianze na zile pakiti. Miligramu 50 ni dozi ya mwanaume ya siku moja. Australia mwaka 2020 waliidhinisha krimu ya testosteroni iliyotengenezwa kwa ajili ya mwanamke, na dozi yake ni miligramu 5 kwa siku. Piga hesabu: pakiti moja ya yule bwana ni siku kumi za mwanamke. Ukipaka yote begani kila asubuhi utaiona kwanza kwenye chunusi na nywele za kidevuni, na hizo ukiacha mapema zinaweza kupungua. Kuna madhara mengine ambayo hayana hakika ya kurudi nyuma. Sauti huwa nzito. Kisimi hukua.

Nilimpokea mama mmoja, mwimbaji wa kwaya, aliyekuwa anaimba sauti ya kwanza tangu ujana. Mahali fulani walimpandikiza punje ya testosteroni chini ya ngozi ya paja, na punje ikishaingia huwezi kuizima kama jeli unayoweza kuacha kupaka. Alipofika kwangu alikuwa amekwishahamishiwa upande wa sauti za chini. Tulikaa kimya mimi na yeye, kisha akaniuliza kama itarudi. Haikurudi. Wataalamu wa nchi mbalimbali walipotoa tamko lao la pamoja mwaka 2019 walisema wazi kwamba punje na sindano zinazopandisha testosteroni kupita kiwango cha kawaida cha mwanamke zisitumike. Kila ninaposoma sentensi ile namkumbuka yule mama.

Sasa swali lenyewe: inasaidia? Ndiyo, kwa baadhi, na kwa kiasi. Tamko lilelile la 2019 linaikubali testosteroni kwa sababu moja tu: mwanamke aliyekoma hedhi, aliyepoteza hamu, na ambaye kupoteza huko kunamsononesha. Angalieni hilo neno la mwisho. Bi Zuhura hapo juu haumwi. Mama Tumaini anayeshusha kitasa kwa mikono miwili, yeye anastahili kutibiwa.

Mwaka 2008 yalichapishwa majaribio ya bandiko la testosteroni, kiraka cha dawa kinachobandikwa kwenye ngozi, la mikrogramu 300 kwa siku, kwa wanawake 814 waliokoma hedhi na hawatumii estrojeni. Waliopata dawa waliongeza tendo lililowaridhisha mara 2.1 kwa kila wiki nne. Waliobandikwa bandiko tupu, lisilo na dawa, waliongeza mara 0.7. Mwaka 2019 watafiti walikusanya majaribio 36 yenye watu 8,480, jibu likawa lilelile: faida ipo, kama mara moja zaidi kwa mwezi kumzidi aliyepewa dawa tupu. Kwa aliyekuwa hana kabisa, mara moja kwa mwezi si kitu cha kudharau. Lakini "utakuwa msichana kabla ya mwezi kuisha" hakuna jaribio lililolionyesha.

Na wewe una sababu ya kipekee. Ovari hutengeneza karibu nusu ya testosteroni ya mwanamke, nyingine hutoka kwenye tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo. Anayekoma hedhi kwa umri, testosteroni yake imekuwa ikishuka polepole tangu alipokuwa kijana, haianguki siku damu inapokatika. Wewe nusu iliondoka siku moja mezani.

Pamoja na hayo yote, mdogo wangu, kabla hatujafika kwenye testosteroni nina swali ambalo naona hakuna aliyekuuliza. Je, inauma?

Nisamehe kwa kuuliza hadharani. Nilikaa miaka mingi kazini bila kuuliza hilo kwanza, nikawa naandika "hamu imepungua" kwenye mafaili ya wanawake ambao ukweli wao ulikuwa maumivu. Estrojeni ikiondoka, ngozi ya ukeni huwa nyembamba, hukauka, hupoteza kule kunyumbuka kwake. Mwili umeguswa mara tano ukaumia mara tano. Mara ya sita hautaki hata kusikia nyayo. Halafu mwenye mwili anasema hamu imeisha, na daktari anaandika hivyohivyo.

Tena usije ukasema, "Mimi nameza estrojeni, hilo halinihusu." Kidonge kinaweza kuzima joto vizuri kabisa na bado kule chini kukabaki kukavu. Nimewaona wengi.

Nijibu kwanza hilo. Na uniambie kama kuna dawa nyingine unatumia, hasa za sonona. Baadhi zake, kama sertralini na paroksetini, zinajulikana kwa kufifisha hamu.

Dada Pendo:

Jamani mimi naogopa. Si walisema homoni zinaleta saratani ya matiti? Mama Tumaini ameze miaka minne na sasa aongezewe nyingine?

Nesi Mstaafu:

Pendo, hofu yako ina chanzo. Mwaka 2002 Marekani walisimamisha sehemu moja ya utafiti mkubwa wa akina mama, wanawake 16,608 waliokuwa bado na kizazi na waliopewa ama estrojeni pamoja na projestini (dawa ya jamii ya homoni ya projesteroni), ama kidonge kitupu. Saratani ya matiti ilipanda kutoka 30 hadi 38 kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Ni nane zaidi kati ya elfu kumi. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, wengi walikuwa wamekoma hedhi zamani.

Sehemu ya pili ya utafiti huohuo ilikuwa ya wanawake wasio na kizazi, kama Mama Tumaini, waliopewa estrojeni peke yake. Hao saratani ya matiti haikuongezeka. Kilichoonekana kwao ni kiharusi kuongezeka kidogo, na ndiyo sababu nitarudi kwenye habari ya kidonge chake nikishajua anasemaje. Mwenye kizazi hapewi estrojeni ya mwili mzima bila projesteroni, kwa kuwa kuta za kizazi zitanenepa na zinaweza kugeuka saratani. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti aongee na daktari wake wa saratani kabla ya homoni yoyote, testosteroni ikiwemo.

Rehema:

Mimi nimetumia testosteroni, nina haki ya kusema.

Nilikoma hedhi nikiwa na miaka 49, nikaanza jeli nikiwa na 53. Daktari alinipima damu kabla ya kuanza. Akanieleza kwamba kipimo si cha kutafuta ugonjwa, kwa sababu hakuna namba kwenye damu inayosema huyu ana hamu na huyu hana. Anataka tu ahakikishe siko juu tayari, na kwamba baadaye sitapitiliza. Akanipima tena wiki ya tano, kisha mwezi wa sita.

Kiasi chenyewe kilinishangaza. Ni tone la ukubwa wa punje ya dengu. Napaka upande wa nje wa paja baada ya kuoga, nangoja likauke kabla ya kuvaa, nanawa mikono kwa sabuni. Wakati huo nilikuwa nalea mjukuu wa miaka miwili anayependa kukaa mapajani, na daktari alinikazania hilo: mtoto akigusa jeli mbichi homoni inaingia kwake. Kwa hiyo nilihamishia kupaka usiku, mjukuu akishalala.

Mwezi wa kwanza hakuna kitu. Wa pili hakuna kitu, nikataka kuacha. Mwezi wa tatu, siku moja nilikuwa napiga pasi, nikajikuta namuwaza mume wangu. Ni kuwaza tu, wala hakuwepo nyumbani. Nilizima pasi nikakaa chini. Nilikuwa nimesahau kwamba wazo la namna ile huja lenyewe bila kuitwa.

Sitawadanganya kwamba nimerudi miaka thelathini. Imerudi kiasi. Niliota nywele nyeusi kwenye paja pale ninapopaka, nikaambiwa nibadilishe mahali kila siku, zikapungua. Ndevu sikuota. Daktari aliniambia mwanzoni kabisa: ikifika miezi sita hujaona tofauti, tunaacha. Dada yangu alianza nami, yeye miezi sita iliisha hana mabadiliko, wakamwachisha. Kwa hiyo haimfai kila mtu, hata wa tumbo moja.

Baba Imani:

Naomba nami niseme, ingawa ni mwanaume. Mke wangu alipitia hayo na mimi niliuliza swali lilelile, "Nimekukosea nini?" Nililiuliza kwa sababu nilidhani kuna mtu mwingine. Mama Tumaini, huenda mumeo anabeba jambo zito zaidi ya unalolibeba wewe, na hajui kwamba ovari zako ndizo zilizokuwa zikitoa hizo homoni. Mimi sikujua. Mwambie kama ulivyotuambia sisi, pamoja na habari ya kitasa. Mwonyeshe hata ulichoandika hapa.

Mama Tumaini:

Nimesoma yote mara tatu. Nesi, swali lako nililisoma nikiwa kwenye kiti cha kusubiri benki, nikainuka nikaenda kusimama nje.

Ndiyo. Inauma. Inauma kama mahali palipochubuka panapopakwa chumvi, na kesho yake nikienda haja ndogo panawasha. Mara mbili kulitoka damu kidogo. Sikuwahi kumwambia mtu. Nilidhani ni kovu la upasuaji, au ni kwa sababu sina hamu ndiyo maana inauma. Hivyo ndivyo nilivyojieleza miaka yote: hamu hakuna, ndiyo sababu inauma. Haikunijia kwamba yaweza kuwa kinyume chake.

Dawa za sonona situmii. Ni estrojeni na hiyo ya presha tu.

Nimefikiria tena mwanzo ulikuwaje. Miezi mitatu baada ya upasuaji, daktari aliporuhusu, nilikuwa na hamu. Nakumbuka kabisa, nilimngoja. Siku hiyo iliuma nikauma mto. Nafikiri ilianzia pale.

Nesi Mstaafu:

Mdogo wangu, umeniliza. Haya, tufanye kazi.

Kwanza kabisa, damu. Mwanamke aliyekoma hedhi akitoka damu lazima achunguzwe, hata kama hana kizazi na hata kama mimi nahisi ni ukavu. Daktari atazame kwa macho, kwa kifaa, aone ni ngozi iliyochanika au ni kitu kingine. Usianze chochote kabla ya hapo. Kule kuwashwa ukikojoa nako apime mkojo, maana ukavu na maambukizi ya mkojo huandamana.

Akithibitisha ni ukavu, kuna estrojeni ya kuweka ukeni. Ipo ya kidonge kidogo cha mikrogramu 10, na ipo ya krimu. Kile kidonge huwekwa kila usiku kwa wiki mbili, baada ya hapo mara mbili kwa wiki. Kinachopenya kuingia kwenye damu ni kidogo mno, kazi yake ni palepale. Usitegemee muujiza wiki ya kwanza. Ngozi inajengwa upya, na nafuu kamili huchukua mpaka wiki 12. Mtakaporudi kwenye tendo, tumieni kilainishi cha maji au cha silikoni kila mara, kingi, bila kuona haya. Ipo pia homoni iitwayo DHEA ya kuweka ukeni, miligramu 6.5 kila usiku, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa ajili ya maumivu haya hasa.

Muhimu zaidi: mpaka pale pasipouma tena, msijaribu kuingiliana. Nasema kwa mkazo. Kila jaribio linalouma linaufundisha mwili kukimbia tena, na misuli ya chini hujikaza yenyewe kabla hata ya kuguswa. Ikiendelea kujikaza baada ya ukavu kupona, mtaalamu wa mazoezi ya misuli ya nyonga husaidia sana. Lakini shikaneni. Lalaneni kifua kwa mgongo. Daktari wa Kanada, Rosemary Basson, aliandika mwaka 2000 jambo lililonisaidia kuwaelewa wanawake wengi niliowahudumia: kwa aliyekaa na mwenzake miaka mingi, hamu mara nyingi haitangulii. Anaanza akiwa hana haja wala hana kinyongo, anaguswa kwa utulivu, mwili unaamka, ndipo hamu inakuja nyuma yake. Wewe njia hiyo ilizibwa na maumivu. Hamu ilikuwa haina pa kupitia.

Pili, kidonge chako cha asubuhi. Estrojeni ukiimeza hupita kwanza kwenye ini. Ini nalo huongeza protini fulani ambayo kazi yake ni kukamata homoni ndani ya damu. Testosteroni ikishakamatwa nayo inabaki inazunguka tu, haifanyi kazi. Kwa hiyo wewe nusu ilienda na ovari, na ile iliyobaki kidonge kinaweza kuwa kinaifunga. Estrojeni ya bandiko au ya jeli hupitia kwenye ngozi, haiamshi ini namna hiyo. Tena una presha, na kuganda kwa damu na kiharusi huhofiwa zaidi kwenye kumeza kuliko kwenye bandiko la dozi ya kawaida. Muulize daktari kama anaweza kukuhamisha. Usiache kidonge mwenyewe ghafla, joto litarudi.

Testosteroni iwe ya tatu. Hayo mawili yakishakaa sawa, miezi mitatu au minne, mkiona hamu bado haijarudi na bado inakusononesha, hapo uko ndani kabisa ya kundi ambalo dawa ile ilijaribiwa. Mwaka 2000 yalichapishwa majaribio ya wanawake 75 waliotolewa kizazi na ovari kama wewe, wakiwa tayari wanatumia estrojeni, na wa bandiko la mikrogramu 300 walipata nafuu. Hata waliobandikwa bandiko tupu walipanda sana. Mimi sioni kwamba walijidanganya. Naona kwamba mwanamke akiulizwa, akasikilizwa, akapewa ruhusa ya kulijali jambo lake, tayari kuna kitu kinafunguka.

Ukienda kwa daktari usianze na neno hamu. Anza hivi: "Nina maumivu wakati wa tendo na nimetoka damu mara mbili." Hakuna daktari atakayekuambia hiyo ni kawaida. Akisema hivyo, tafuta mwingine.

Mama Tumaini:

Wapendwa, imepita miezi minne. Niliahidi kimoyomoyo kwamba nitarudi.

Nilienda kwa daktari mwingine, mwanamama. Nilianza na sentensi ya Nesi kama ilivyo, nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi. Aliweka kalamu chini. Alinichunguza, akakuta ngozi imekuwa nyembamba na kuna mpasuko mdogo mlangoni, hakuna kingine kibaya. Mkojo ulikuwa na maambukizi, nikatibiwa kwanza. Nimepewa vidonge vya kuweka ukeni na amenihamishia bandiko la mikrogramu 50 ninalobadilisha mara mbili kwa wiki.

Mume wangu nilimwonyesha uzi huu. Alisoma taratibu, amekaa ukingoni mwa kitanda na miwani yake. Alipofika kwenye kitasa alinyamaza muda mrefu. Kesho yake jioni nilimkuta amepiga magoti mlangoni na kopo la mafuta, anakipaka. Akasema, "Hata kama utachelewa kuingia, ingia bila kuogopa." Nililia tena, ila safari hii hapohapo mbele yake.

Tulikaa wiki kumi bila kujaribu. Wiki ya kumi na moja haikuuma. Nilikuwa nimejikaza nikisubiri maumivu, hayakuja, nikamwambia, "Ngoja," nikabaki nimetulia tu nikilisikia lile jambo la kutouma. Hamu imeanza kuja baada ya kuguswa, kama Nesi alivyoeleza. Ile ya kuja yenyewe, ya Rehema na pasi, bado sijaiona. Daktari anasema tuongeze miezi miwili, isipokuja tutaongea habari ya testosteroni, miligramu 5, na vipimo vyake. Sina haraka. Pakiti nilimrudishia mwenzangu na nikamweleza kwa nini.

Nina swali dogo: bandiko langu linabanduka pembeni nikijifuta baada ya kuoga. Nafanyaje?

Nesi Mstaafu:

Nimefurahi mno, mdogo wangu. Mwambie na mzee nimemsalimu.

Bandiko liweke chini ya kiuno, kwenye tako sehemu ya juu, mahali ambapo mkanda au lastiki ya nguo haisugui. Kamwe lisikae kwenye titi. Ngozi iwe imekauka kabisa, haina mafuta wala losheni. Ukishalibandika likandamize kwa kiganja sekunde kumi au zaidi, hasa pembeni. Kila unapobadilisha hamia upande wa pili. Ukioga, jifute hapo kwa kugusagusa na taulo, usisugue. Likibanduka kabisa bandika jipya, na siku yako ya kubadilisha ibaki ileile.

Na vile vidonge vya ukeni usiviache kwa sababu umepona. Ukiacha, ukavu utarudi.